SIMU YA NYUMBA: LAINI YA MALIPO YA KABLA BADALA YA SIMU YA WAYA

Mwaka huu nimeona niandike juu ya kitu ambacho kila mtu anadhani anakijua, nacho ni simu. Najua mtasema, "Simu gani tena ya kuelezwa, na kila mtu anayo?" Ngojeni kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi nyumbani kwetu Mwakirunge ukuta nusura utuangukie.

Nyumbani tunakaa watu saba. Kuna babu, hawe (ndivyo sisi Wagiriama tumwitavyo bibi), baba, mama, dada yangu mkubwa, mimi na mdogo wangu wa miaka saba. Hawe ana ugonjwa wa sukari. Baba ni dereva wa tuktuk huko Bamburi, mama anauza mboga soko la Kongowea, na dada yuko chuo. Baba ana simu mbili, mama moja, dada moja, babu moja. Jumla tano. Hawe hataki simu, anasema vidude hivyo vinamchanganya.

Siku moja ya mvua mwezi wa Mei 2025, mimi nilikuwa shule, na shule kama mjuavyo simu haziruhusiwi. Baba alikuwa kazini na simu zake mbili. Mama yuko sokoni na yake. Dada yuko chuo na yake. Babu alikuwa amekwenda matangani na yake mfukoni. Nyumbani alibaki hawe na mdogo wangu, ambaye hakuwa amekwenda shule kwa sababu ya homa. Kiasi cha saa tano hivi, sukari ya hawe ikashuka. Akaanza kutoka jasho, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Mtoto akatoka mbio mvuani hadi kwa jirani. Jirani ana simu, lakini haikuwa na hata senti, na isitoshe hakuwa na namba ya mtu yeyote wa kwetu. Ikabidi atafutwe kijana wa bodaboda mpaka akapatikana, naye akambeba hawe hadi zahanati. Alhamdulillahi, alipona. Daktari alisema wangekawia zaidi kidogo, tungekuwa tunasema mengine.

Jioni ile babu aliingia chumbani kwake akatoka na simu nyeusi ya zamani, ile ya gurudumu la kuzungushia namba, akaitua mezani. Akasema, "Nyumba hii ina simu tano, na hakuna hata moja ya nyumba." Sote tukanyamaza.

Simu ile ilikuwa ya nyumba yao ya Changamwe, wakati babu alipokuwa karani. Alipostaafu mwaka 2003 na kurudi shambani Mwakirunge, aliomba laini ihamishwe, akaambiwa huku nguzo na waya hazijafika. Hivyo akaja na mwili wa simu bila roho yake. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengi ya haya ninayowaeleza nimeyapata kwake.

Simu ya waya ilifanyaje kazi? Kutoka kituo cha simu, ambacho wazee wanakiita eksichenji, hutoka nyaya mbili za shaba hadi nyumbani kwako. Nyaya hizo hubeba sauti, na pia hubeba nguvu kidogo za umeme kutoka huko huko kituoni. Ndiyo maana stima ikipotea mtaa mzima, simu ya waya ilikuwa bado inalia. Namba ilikuwa ya mahali, si ya mtu. Mombasa ilianza na 011, na baadaye 041. Ukipiga, unapiga nyumba, na yeyote aliye karibu ndiye anayeinua mkono wa simu: mtoto, mgeni, hata mfanyakazi.

Ubaya wake ni malipo. Kulikuwa na kodi ya laini ya kila mwezi, uongee usiongee. Kisha huja bili ya mazungumzo mwisho wa mwezi, na hapo ndipo vita huanza: "Nani alipiga simu Nairobi?" Babu anasema alikuwa akitia kufuli dogo kwenye lile gurudumu ili watoto wasipige. Na usipolipa, laini hukatwa.

Fauka ya hayo, laini zenyewe zilikuwa haba. Hadi mwaka 1999 simu na posta nchini Kenya zilikuwa chini ya shirika moja, lile la KPTC. Mwaka huo likagawanywa, zikazaliwa Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na laini za waya takriban laki tatu tu, na sensa ya 1999 ilihesabu watu milioni 28 na ushei. Piga hesabu mwenyewe: karibu laini moja kwa kila watu mia. Mtu aliomba laini akangoja miaka. Na hata zilizokuwapo, wezi walizikata wakauza shaba yake.

Simu ya mkononi ilifika Kenya mwaka 1992, lakini ilikuwa ya matajiri tu, kwani bei yake ilifika hata shilingi 250,000. Mambo yalibadilika mwaka 2000 zilipoanza kushindana kampuni mbili, Safaricom na Kencell (ambayo baadaye iligeuka Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 ni Airtel). Hizi ndizo zilizosambaza malipo ya kabla kwa watu wa kawaida. Nayo Telkom, katika miaka hiyo ya 2000, ilileta simu zenye umbo la simu ya mezani lakini zisizo na waya wa nje, nazo pia za kulipia kabla. Ama kweli ukiona vyaelea vimeundwa. Leo laini za simu za mkononi nchini zimezidi milioni 60, na karibu zote ni za malipo ya kabla.

Malipo ya kabla maana yake nini? Unanunua salio, au kredo kama tusemavyo mitaani, kabla ya kuongea. Zamani ilikuwa kadi ya kukwaruza ya shilingi 100, 50, 20 au hata 10. Siku hizi wengi hununua kwa M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Salio hilo halikai ndani ya simu. Liko katika kompyuta za kampuni, limeandikwa dhidi ya namba yako. Ukipiga, mnara ulio karibu hupokea mawimbi ya simu yako, kompyuta huangalia kama una kitu, kisha hukata kadiri unavyoongea. Kikiisha, maneno yanakatika. Hakuna bili, hakuna deni, hakuna kuulizana nani alipiga Nairobi.

Kuna tofauti moja inayofaa kueleweka. Mwanzoni Kencell ilitoza kwa dakika, na Safaricom ikatoza kwa sekunde. Tuseme dakika moja ni shilingi 4, nawe umeongea sekunde 15 tu. Kwa hesabu ya sekunde utalipa shilingi 1. Kwa hesabu ya dakika utalipa shilingi 4 zote. Kwa mtu wa "Njoo haraka, hawe mgonjwa," tofauti hiyo si haba.

Jambo la pili, na hili ndilo lililotufaa zaidi, ni kwamba kwetu anayelipa ni mpigaji. Anayepigiwa halipi kitu. Huko Marekani kwa miaka mingi hata mpokeaji alikuwa akikatwa dakika zake. Hapa kwetu laini isiyo na senti bado inapokea simu. Ndiyo maana watu huflashi, au kubipu kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania: simu inalia mara moja, inakatwa, na mwenye uwezo anarudisha.

Basi turudi nyumbani. Baba alinunua kabambe, yaani simu ndogo ya vibonye, kwa shilingi 1,400, na laini mpya kwa shilingi 50. Babu akasema hii sasa iwe simu ya nyumba, na tukatunga masharti. Nitayaeleza moja baada ya jingine, kwa sababu naona nyumba nyingi hapa kwetu zina shida kama yetu.

Kwanza, simu hii haitoki nyumbani. Tumeifunga kwa kamba kwenye msumari karibu na dirisha. Hata baba akiishiwa na chaji, haichukui. Dada alijaribu siku moja, babu akamwambia, "Kwani eksichenji nayo ulikuwa ukiitia mkobani?" Akairudisha.

Pili, tulitafuta netwaki kabla ya kununua laini. Paa la mabati na kuta nene hupunguza mawimbi. Tuliazima simu za majirani zenye laini za kampuni tofauti, tukazungukanazo nyumba nzima tukihesabu vijiti. Laini inayoshika vizuri barabarani si lazima ishike chumbani kwa mgonjwa.

Tatu, laini iliandikishwa kwa kitambulisho cha baba, kama sheria inavyotaka. Sisi tulio chini ya miaka 18 hatuna kitambulisho, hivyo ni mzazi anayeandikisha. Usinunue laini iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu usiyemjua. Ikipotea utashindwa kuirudisha, na mwenye jina akifanya uovu wewe utaulizwa.

Nne ni salio. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu husikia bando ya shilingi 20 kwa siku akaona ni rahisi. Lakini bando ya siku muda wake ukipita imekwisha, umetumia hukutumia. Shilingi 20 mara siku 30 ni shilingi 600, na hiyo imekuwa kodi ya laini ya babu kwa jina jingine! Simu ya nyumba kazi yake kubwa ni kupokea na kupiga mara chache. Kwa hivyo tunatia salio la kawaida, shilingi 50 au 100 kwa mwezi, na tunaziacha hapo. Baba huzituma kutoka kwa simu yake. Mkopo wa salio hatuchukui, manake ule wa Okoa Jahazi, kwa mfano, hukatwa asilimia 10. Lakini jihadhari: laini isiyotumika kwa miezi kadhaa yaweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Kwa hiyo kila Jumapili hawe humpigia shangazi Kaloleni, ajue hali na laini iwe hai.

Tano ni chaji. Simu ya waya ililetewa umeme na kituo, hii yetu haina mama wa kuilisha. Kabambe hukaa na chaji siku kadhaa, lakini sisi tunaichaji kila Jumatano na Jumapili, isipofika mwisho. Stima ya huku nayo mwaijua.

Sita, tulibandika karatasi ukutani yenye namba za baba, mama, babu, jirani, kijana wa bodaboda na zahanati. Juu kabisa tumeandika 999 na 112, namba za dharura, ambazo hupigwa bila malipo hata salio likiwa sufuri. Na kwa kuwa mdogo wangu hajui kusoma vizuri, tuliweka namba ya baba kwenye kibonye cha 2. Ukikibana kwa muda, simu inapiga yenyewe.

Saba, laini hii haina pesa wala haifunguliwi huduma ya pesa. Matapeli hupiga wakijifanya watu wa kampuni, wanaomba namba ya siri. Wakimpata hawe, hakuna cha kuiba. Yeye huwajibu, "Mwanangu, hii ni simu ya nyumba, ngoja mwenyewe arudi."

Sisemi kwamba mpango huu hauna kasoro. Simu ya waya haikuhitaji chaji wala haikuibiwa kirahisi, na watu wa ofisi nyingi bado wanaipenda kwa sababu hizo. Lakini ile ilingoja waya ufike, nao haukufika kwetu.

Msomaji mpendwa, mwezi wa Septemba 2025 sukari ya hawe ilishuka tena. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Mdogo wangu alibana kibonye cha 2. Baba akapokea, akamwuliza, "Hawe anakusikia? Anaweza kumeza?" Mtoto akasema ndiyo. Baba akamwambia akoroge sukari kwenye maji ampe anywe polepole, na asikate simu. Niliporudi na ndoo yangu kichwani nilimkuta hawe ameketi, kikombe mkononi, na mtoto bado ameshika simu sikioni akisema, "Amemaliza, baba. Sasa anataka chai." Tuktuk ilifika muda si mrefu.

Simu ile ilikula shilingi chache siku hiyo. Wanafunzi wenzangu, mkifika nyumbani leo jioni ulizeni swali moja: wakubwa wote wakitoka na simu zao, anayebaki atampigia nani, na kwa nini? Mkikosa jibu, tafuteni kabambe, laini, kamba na msumari.