Samadi ya Kuku Iive Kwanza

Katika kambi nyingi za majeshi na za polisi hapa Uganda, jamaa za askari hufuga kuku nyuma ya nyumba, na kando ya banda hulima mchicha au nakati. Jambo hilo ni la kusifiwa, kwani yai na mboga huupunguzia mshahara mzigo. Hata hivyo, tumeona mara kwa mara kosa moja linaloiharibu kazi hiyo njema.

Mwenye kuku aonapo wamekonda na mayai yamepungua, huwanywesha dawa ya minyoo. Kisha hufagia kinyesi na kukimwaga bustanini, pale pale kuku wanapochakura. Baada ya miezi michache kuku hukonda tena, naye huilaumu dawa.

Dawa haina hatia. Kazi yake ni kuua minyoo tumboni, wala haiyafikii mayai ya minyoo yaliyokwisha kutoka na kinyesi. Mayai hayo hukomaa kwenye joto na unyevu kwa muda wa wiki mbili hivi, na huweza kukaa udongoni miezi mingi yakingoja kudonolewa. Kumwaga kinyesi hicho bustanini ni kumtoa adui kambini na kumchimbia handaki nje ya lango.

Kwa hiyo, ndugu askari, tunawashauri hivi. Baada ya kuwapa kuku dawa, wafungieni bandani siku 3 au 4, kisha zoeni kinyesi chote pamoja na matandiko. Kichanganyeni na majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi au maranda, sehemu 2 za vitu vikavu kwa 1 ya kinyesi. Fanyeni rundo lisilopungua mita 1 kila upande. Linyunyizieni maji kiasi kwamba ukikamua konzi moja yatoke matone machache tu. Lifunikeni, na mlizungushie uzio ili kuku wasilichakure.

Rundo likitengenezwa vema hupata joto lenyewe. Joto la digrii 55 za Sentigredi au zaidi, likidumu siku 3, huua mayai ya minyoo. Lakini pembeni hubaki baridi; basi kila baada ya siku 3 geuzeni, ya nje yaingie ndani, hadi mara 5. Kisha liacheni litulie miezi 2, mpaka liwe jeusi, lipoe, na linuke udongo.

Nawieni mikono kwa sabuni kila mshikapo samadi. Mwulizeni bwana mifugo ni siku ngapi mayai ya kuku waliokunywa dawa yasiliwe.

Askari ahamishwapo, nyumba na bustani hurithiwa na mwenzake. Tumwachie udongo wenye rutuba, tusimwachie minyoo.