Mhasibu Anapoitwa Mwisho

Februari ya mwaka 2016 ilipita Zanzibar bila Sauti za Busara. Tamasha hilo la muziki lilianza mwaka 2004 na lilikwisha kuzoeleka kuijaza Ngome Kongwe, lakini safari hiyo fedha za wafadhili hazikutimia, na waandaaji wakatangaza miezi kadhaa kabla kwamba halitakuwapo. Mwaka uliofuata likarudi, na lingalipo. Aprili ya mwaka huohuo wa 2017, katika kisiwa cha Great Exuma huko Bahama, Fyre Festival ilipokea wageni waliouziwa tiketi ghali kwa ahadi ya anasa, wakakuta mahema ya dharura, na wasanii waliotangazwa hawakupanda jukwaani. Mwandaaji wake mkuu alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka 6 kwa ulaghai. Si haki kuutia ulaghai na ukata wa kawaida katika kapu moja. Hata hivyo, matukio haya mawili yakitazamwa pamoja yanaonyesha jambo ambalo wasanii hulisikiliza kwa shingo upande: kuna mwaka ambao kusema hapana ndiko kunakoyaokoa maonyesho ya miaka ijayo, na wa kulisema hilo kwa uhakika ni yule anayejua kilichomo benki.

Fedha za matamasha zina tabia mbaya: hutoka mapema na huingia kwa kuchelewa. Nauli za ndege za wanamuziki hulipwa kabla bei haijapanda. Mwenye mitambo ya sauti anataka malipo ya awali ndipo apakie gari. Vibali vya wasanii wa nje, hoteli, walinzi, mafuta ya jenereta, vyote vimeshakula fedha kabla mtazamaji wa kwanza hajapita mlangoni. Naye mtazamaji wa kwetu hana haraka. Wengi hukata tiketi siku ileile, na wengine huanza kutafuta hela wakishasikia ngoma zinarindima. Ruzuku huja kwa mikupuo, na mkupuo wa mwisho mara nyingi hushikiliwa mpaka hesabu zilizokaguliwa ziwasilishwe, jukwaa likiwa limevunjwa zamani. Ndiyo maana tamasha linaweza kuwa na bajeti iliyolingana barabara na bado likakosa cha kumlipa mpiga ngoma Ijumaa usiku. Karatasi yenye kazi kubwa kuliko bajeti ni ile inayoonyesha, wiki kwa wiki, nini kitaingia na nini kitatoka, lakini waandaaji wengi hawana. Walichonacho ni bajeti iliyoandikwa kumridhisha mfadhili, na mhasibu anayeitwa mwishoni kukusanya risiti na kufunga masurufu. Uadui huzaliwa hapo. Mhasibu anayekuta kila kitu kimeshaamuliwa hana la kusema ila kwamba haiwezekani. Angeitwa mwanzo angekuwa na mengine: tupunguze usiku mmoja, tugawane nauli ya bendi na tamasha la nchi jirani, mjenzi wa jukwaa alipwe kwa awamu.

Watakaopinga watasema kwamba mhasibu akipewa kiti mapema, atachagua kinachouza: nyota yuleyule wa mwaka jana, na wale wasiojulikana wabaki nje. Hofu hiyo ina msingi. Sauti za Busara imeshikilia kwamba wanamuziki wapige na kuimba moja kwa moja jukwaani, sharti linalodai vyombo, mafundi na saa nyingi za kupima sauti. Mtu asiyejua sharti hilo linalinda nini angelifuta kwa kalamu moja. Tena uchumi wenyewe unampa kisingizio. Mwaka 1966 William Baumol na William Bowen, wachumi wa Marekani, walieleza kwamba kiwanda kinaweza kuzalisha zaidi kwa watu wachache, lakini onyesho haliwezi: orkesta ya taarab inahitaji mikono ileile iliyohitajika enzi za mababu, huku ujira ukipanda kwa kila mtu. Pengo hilo haliletwi na uzembe, na mhasibu anayelitafsiri kuwa uzembe atakata nyama akidhani anakata mafuta. Jawabu langu ni kugawa mamlaka: yeye aseme kiasi gani, mkurugenzi wa sanaa aseme nani. Na ndani ya kiasi hicho bodi iidhinishe kabisa fungu la kujaribu mambo mapya, ikijua kwamba huenda lisirudi. Hasara iliyokubaliwa mapema haina ugomvi, na msanii asiyejulikana anapata usiku wake bila kulazimika kuahidi mauzo asiyoweza kuyaahidi.

Vikundi vidogo vitasema mambo haya ni ya wakubwa. Kwa mshahara wa mhasibu aliyesajiliwa, wana haki. Lakini fedha za kundi zinazokaa kwenye simu ya kiongozi haziponywi na mtaalamu. Zinahitaji akaunti ya kundi, watia saini wawili na daftari linalofunguliwa mbele ya wote, zikiwamo zile noti za kutunza anazomwagiwa mwimbaji jukwaani. Ni vizuri kukubaliana ni za nani kabla hazijaokotwa.

Lawama iliyobaki ni ya wafadhili. Mwaka 2019 chuo cha muziki cha Zanzibar, Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002, kilitangaza kwamba kipo hatarini kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Ikhwani Safaa, klabu ya taarab yenye wanachama wake, ipo tangu mwaka 1905. Klabu na chuo si mamoja, na mimi sisemi michango ya wanachama ingelipa walimu. Tofauti inayonishughulisha ni kwamba fedha ya mradi ina jina la kazi yake na tarehe ya kufa, ilhali michango ya wanachama inaweza kukaa ikingoja mwaka mbaya. Mikataba mingi ya ruzuku hutaka salio lirudishwe, hivyo shirika lililobana matumizi huondoka mikono mitupu sawa na lililofuja. Mkurugenzi aliyebakiwa na kitu mwezi wa mwisho wa mradi hana sababu yoyote ya kukitunza. Atachapisha fulana.