Chai ya Barafu Haikati Kitambi

Chai ya barafu ni chai ya rangi iliyopikwa kwa nguvu kuliko ya kawaida, ikachujwa, ikapozwa na kunywewa baridi. Nguvu hiyo ya ziada ni ya lazima, kwa sababu barafu ikiyeyuka huongeza maji, na kinywaji baridi hakionjeki vizuri kama cha moto. Majani yanayouzwa madukani Kenya, Uganda na Tanzania kwa sehemu kubwa ni ya chembechembe, yaliyopita kwenye mashine zinazoponda, kurarua na kuviringisha jani. Hutoa rangi na ukali ndani ya dakika mbili tatu. Kwa chai ya maziwa hiyo ni sifa. Kwa chai ya barafu ni mtego. Birika likisahaulika dakika kumi, hutoka kitu kikali cha kukausha ulimi, na hapo mkono hukimbilia kopo la sukari.

Mshtuko mwingine huja asubuhi. Jagi lililoingia kwenye friji na chai nyekundu, safi, ya kupitisha mwanga, hutoka na chai ya rangi ya matope, kana kwamba kuna aliyeamka usiku akatia kijiko cha maziwa. Haijaharibika. Kafeini na tanini, ambazo katika maji ya moto kila moja hukaa kivyake, hushikana maji yanapopoa na kuwa chembe ndogo zinazozuia mwanga. Kwa waonjaji wa chai wingu hilo ni dalili ya jani zuri. Maji ya moto kidogo yakiongezwa, hutoweka.

Wanaouliza kuhusu chai ya barafu, hata hivyo, ni nadra kuuliza habari za wingu. Huuliza kama inakata kitambi. Swali huja na sura mbili zinazopingana, na mara nyingine mtu mmoja huzibeba zote mbili bila wasiwasi. Sura ya kwanza inasema kinywaji baridi baada ya mlo hugandisha mafuta tumboni, kwa hiyo chai inywewe ya moto ili iyayeyushe. Ya pili inasema baridi huulazimisha mwili kuunguza mafuta ili ujipashe, kwa hiyo chai ya barafu yenye limau ni dawa ya unene. Sura ya kwanza haina hata chembe ya ukweli. Ya pili inayo chembe moja, na chembe hiyo inapimika.

Imani ya kugandisha imezaliwa kwenye karo. Kila aliyeosha sufuria ya pilau ya mbuzi ameona mafuta yalivyoganda meupe ukingoni na maji ya moto yalivyoyang'oa. Ila tumbo si sufuria iliyolala kwenye karo. Lina joto la nyuzi 37 usiku na mchana, na glasi iliyotoka kwenye friji hufikia joto hilo ndani ya takriban nusu saa, ilhali mlo wenye mafuta hukaa tumboni saa kadhaa. Isitoshe, mafuta ya chakula hayasagwi kwa kuyeyushwa. Yakifika kwenye utumbo mwembamba, nyongo huyagawa kuwa matone madogo kama sabuni ifanyavyo, kisha vimeng'enya vya kongosho huyakatakata. Moto wa chai hauna kazi hapo.

Kinachochosha zaidi kurudia ni kwamba mafuta ya kitambi hayamo tumboni. Chai ikinywewa hupita kooni, hufika tumboni, hushuka utumbo. Kitambi kiko nje ya barabara hiyo, ndani ya seli zilizo chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani, na kwa joto la mwili mafuta yake tayari ni laini. Hayasubiri kuyeyushwa na mtu. Ili yaondoke ni lazima seli ziyaachie, yaingie kwenye damu, kisha yaunguzwe na misuli na viungo vingine kwa oksijeni. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown, watafiti wa Australia, walipiga hesabu ya njia yanakotokea na kuichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ: kila kilo 10 za mafuta zikiunguzwa, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya ukaa na kilo 1.6 hubaki maji. Mafuta ya mwili hutokea puani na mdomoni. Anayechungulia choo ili ayaone yakitoka anapoteza muda wake.

Na choo ndicho mtaji wa wauza chai za kupunguza unene. Nyingi zimetiwa sanamaki, jani ambalo pwani limejulikana tangu zamani kama dawa ya kuharisha. Sanamaki huchokoza utumbo mpana, na utumbo mpana unafikiwa baada ya utumbo mwembamba kumaliza kunyonya sukari na mafuta ya chakula. Kinachotoka ni maji, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji. Mizani husoma kilo moja pungufu siku ya pili, mnunuzi hufurahi, hunywa maji, kilo hurudi, naye hununua pakiti nyingine. Anayeitumia mfululizo kwa wiki nyingi hujitafutia udhaifu wa misuli na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Dawa ya kulainisha choo si chai ya kila siku, hata ikitiwa barafu na majani ya mnanaa.

Limau nalo lina sifa lisizostahili. Hukata mafuta kwenye sahani, basi hudhaniwa litayakata kiunoni. Asidi iliyo tumboni ni kali kuliko ya limau, na ipo humo tangu utotoni; kama asidi ingekuwa inakata kitambi, pasingekuwa na mwenye kitambi. Linalowashawishi wengi ni kinachoonekana kwenye glasi: kipande kimoja kikikamuliwa, chai ya rangi nzito hupauka papo hapo na kuwa ya dhahabu, na watu husema "inasafisha". Hakuna kilichosafishwa. Rangi za chai hubadilika asidi inapoongezeka, basi.

Sasa hiyo chembe ya ukweli. Mwili hutumia nishati kupasha kinywaji baridi. Glasi ya mililita 300, theluthi yake ikiwa barafu, hudai kilokalori 8 kuyeyusha barafu na nyingine 11 kufikisha yote nyuzi 37. Jumla ni 19, na hata hizo mara nyingi hulipwa na joto ambalo mwili ungelitoa tu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina 16. Anayetia vijiko viwili ameshashindwa hesabu kabla ya kunyanyua glasi. Chai ya kijani, inayosifiwa zaidi, haina miujiza pia: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2012 yalikuta kwamba uzito unaopungua kwa kuitumia ni mdogo mno kuwa na maana kiafya. Vidonge vya dondoo lake ni balaa zaidi. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba dozi kubwa, kuanzia miligramu 800 kwa siku za kemikali yake kuu, zinaweza kudhuru ini.

Athari za kweli za chai ya barafu ziko kwingine, na ya kwanza ni sukari. Baridi hupunguza utamu unaosikika ulimini, kwa hiyo chai iliyotosha vijiko viwili ikiwa moto hudai vitatu au vinne ikiwa baridi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 au vijiko sita vya chai. Glasi mbili za mchana wa joto humaliza vyote.

Tanini huzuia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye maharage, mboga za majani na nafaka. Mwenye upungufu wa damu, mjamzito na mtoto hawapaswi kushushia ugali na mchicha kwa chai, ya moto wala ya baridi. Ipite saa moja kwanza. Kafeini haiondoki kwa kupozwa: kikombe kina takriban miligramu 40 hadi 50, na kikomo kinachoshauriwa kwa mjamzito ni 200 kwa siku kutoka vyanzo vyote.

Chai baridi pia hunywewa kwa wingi kuliko ya moto, kwa kuwa haiunguzi. Mwaka 2015 jarida la New England la tiba lilieleza habari za mwanamume wa Arkansas, Marekani, aliyefeli figo baada ya kunywa takriban lita 4 za chai ya barafu kila siku. Oksaleti ya chai ilikuwa imejaa kwenye figo zake. Glasi mbili tatu hazimfikishi mtu mzima huko, lakini aliyewahi kupata mawe ya figo ana sababu ya kujihadhari. Arusha, Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa kuna la ziada: maji yana floraidi nyingi, inayoonekana kwenye meno ya kahawia ya watoto, na jani la chai lenyewe hulimbikiza floraidi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, huzidi kukolea. Huko chai ipikwe kwa maji ya mvua au yaliyochujwa kwa chujio maalumu la floraidi.

Barafu yenyewe ni hatari ambayo haiulizwi kabisa. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Huvilaza tu, na chai iliyokwisha kupoa haiviui vinapoamka. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa.

Kwa mapishi, njia ni mbili. Ya haraka: nusu lita ya maji yanayochemka, vijiko vinne vya chai vya majani, birika lifunikwe dakika tatu au nne, ichujwe bila kukamua majani, sukari iyeyushwe ikingali moto, kisha imiminwe juu ya nusu kilo ya barafu. Ya polepole: vijiko vitano vya majani katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ndani ya friji saa nane, ichujwe, huwa laini, yenye kafeini na tanini pungufu, na mara nyingi haifanyi wingu. Tangawizi hupondwa na kuchemshwa kabla ya majani kutiwa. Asiyetaka kafeini atumie mchaichai mtupu. Limau hutiwa mwisho. Kuloweka majani kwenye jagi juani, mtindo wa Wamarekani, kuachwe, kwa sababu joto la jua huotesha bakteria badala ya kuwaua. Chai iliyochujwa inywewe ndani ya siku moja au mbili, ikae ndani ya friji muda wote, na ikianza kuvutika kama mlenda imwagwe, jagi lioshwe kwa maji yanayochemka.