Kuvuruga kinga si kuua kinga

Tuseme mfasiri anaandaa kipeperushi kwa wagonjwa wa kifua kikuu wa Litembo, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga. Akiandika kwamba bakteria "wameua kinga", msomaji aweza kudhani kuwa dawa haina faida tena, akaiacha. Kitenzi kinachofaa hapo ni kuvuruga, yaani kutibua utaratibu wa kitu pasipo lazima ya kukiangamiza.

Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882, huingia mapafuni kwa hewa na kumezwa na makrofeji, seli ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza vijidudu. Kwa kawaida kijidudu kilichomezwa hufungiwa ndani ya kifuko. Kifuko hicho hutiwa asidi, kisha huungana na kingine chenye vimeng'enya, na kijidudu kikasagwa. Bakteria huyu huzuia kazi hiyo kwa protini anazozitoa. Protini iitwayo PtpA huizuia pampu ya asidi isifikie kifuko. Nyingine, ESAT-6, hushiriki katika kuutoboa utando wake. Seli ingali hai, lakini mlinzi amegeuzwa kuwa maficho ya adui. Ndiyo maana ya kikulacho ki nguoni mwako.

Uzito wa protini hizo waonekana katika chanjo ya BCG, wanayopewa watoto wachanga nchini Tanzania. Bakteria wa chanjo hiyo alipoteza sehemu ya jeni zake, ikiwamo ile ya kuunda ESAT-6, na upotevu huo ni sababu mojawapo ya udhaifu wake.

Katika matumizi, tutenganishe vitenzi vitatu. Bakteria hukwepa kinga anapojificha. Huivuruga anapoharibu utaratibu wake. Huua seli pale tu seli inapokufa kweli, jambo ambalo pia hutokea. Tuzingatie upatanisho vilevile: bakteria ni kiumbe hai, hivyo husemwa bakteria huyu, bakteria hawa, bali seli na protini ni za ngeli ya I-/ZI-: seli hii, protini hizi.

Basi kipeperushi na kisomeke hivi: "Bakteria wamevuruga seli zako za kinga. Dawa huwaua bakteria hao, mradi uzitumie mpaka mwisho, hata ukijisikia umepona."