Andika Kile Ambacho Msimbo Wenyewe Hausemi

Programu ya akili unde inayokusaidia kuandika msimbo huanza kila kikao ikiwa haijui mliyokubaliana jana. Amri ya kuendesha majaribio, folda isiyoguswa, mtindo wa kutaja majina: yote yamefutika. Ndiyo sababu zana hizi husoma faili la maelekezo kabla ya kazi kuanza. Claude Code hutafuta CLAUDE.md, Gemini CLI hutafuta GEMINI.md, nayo GitHub Copilot husoma copilot-instructions.md ndani ya folda ya .github. Mwaka 2025 likaenea jina la pamoja, AGENTS.md, linalosomwa na Codex ya OpenAI na nyinginezo. Afadhali, maana kunakili maneno yaleyale kwenye mafaili matatu kulikuwa kunachosha.

Jina halisumbui sana. Kinachosumbua ni pale watu wanapolijaza faili nasaha tupu: andika msimbo safi, zingatia ubora, kuwa makini. Nani aliwahi kuagiza msimbo mchafu?

Chukua duka la mtandaoni la Nairobi linalopokea malipo kwa M-Pesa. Mteja ataandika namba yake ikianza na 07, lakini Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, huitaka ianze na 254, bila alama ya kujumlisha. Kiasi kiwe shilingi kamili, senti hazipokelewi. Majaribio yote yapitie sandbox.safaricom.co.ke, kamwe yasipitie anwani ya malipo halisi. Mistari mitatu tu, lakini asiyeambiwa atabahatisha, na hapo ni pesa za watu. Ongeza amri ya majaribio jinsi inavyochapwa, herufi kwa herufi, na sababu ya lile jambo la ajabu ambalo kila mgeni kwenye mradi hutaka kulirekebisha.

Claude Code ina amri ya /init inayokutungia rasimu. Itumie, kisha ipunguze bila huruma. Orodha ya folda, kwa mfano, haina kazi. Programu inaziona yenyewe. Kila mstari husomwa katika kila kikao na kula nafasi, na faili likirefuka, agizo muhimu humezwa na porojo.

Tena faili hili ni ombi, halina nguvu ya kufuli. Kuandika "usiguse hifadhidata ya wateja" hakuizuii programu kuigusa. Kinachozuia ni kutoiweka nywila ya hifadhidata hiyo kwenye kompyuta inamofanyia kazi. Nywila hiyo isiandikwe kwenye faili la maelekezo pia, kwa kuwa faili huhifadhiwa kwenye Git na kila mwenye mradi hulipata. Na ukipakua mradi wa mtu usiyemjua, fungua faili lake la maelekezo ulisome kwanza: programu yako inaweza kuyatii maneno yake kana kwamba umeyaandika wewe.