Masomo ya Mtihani: Amana Iliyo Baina ya Mzazi na Mwana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Lipo jambo moja ambalo hutendeka kila mwaka katika nyumba zetu bila ya mashauri, nalo ni kubwa kuliko mambo mengi tunayoyakalia vikao. Mtoto akichumbiwa, ukoo mzima hukutana. Shamba likiuzwa, wazee huitwa. Lakini kijana afikapo mahali pa kuchagua masomo atakayotahiniwa katika shule ya sekondari, mara nyingi huachwa peke yake na karatasi yake, naye ana miaka kumi na mitano. Huandika kile alichokiandika rafiki yake, au hukimbia somo ambalo mwalimu wake ni mkali, au humridhisha baba yake aliyesema siku moja kwamba nyumba hii itatoa daktari. Kisha miaka miwili hupita, matokeo hutoka, na hapo ndipo wazee hukutana. Lakini hukutana kwa majuto wala si kwa mashauri.

Madhumuni ya makala hii ni kuwaeleza wazazi wa Kiislamu wa Tanzania, na vijana wao, jinsi jambo hili lilivyo na namna ya kulitengeneza kabla ya saa yake kupita.

Milango na funguo zake

Yafaa tujue kwanza kwamba kila somo ni ufunguo, na kila kazi ni mlango wenye funguo zake. Mtu hawezi kufungua mlango kwa ufunguo wa mlango mwingine, hata ukiwa ni wa dhahabu.

Katika mtaala wa mwaka 2005, mwanafunzi wa Tanzania alikuwa na masomo saba ya lazima mpaka kidato cha nne: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia aliweza kuziacha amalizapo kidato cha pili. Juu ya hayo yalikuwapo masomo ya khiyari, kama vile Elimu ya Dini ya Kiislamu, Kiarabu, Biashara, Utunzaji wa Hesabu na Kilimo. Tangu mwaka 2024 mtaala mpya umeanza kuingia hatua kwa hatua, na ndani yake mna mikondo miwili, mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Kwa hiyo neno la kwanza la mzazi kwa mwalimu mkuu liwe hili: Mwanangu yumo katika mtaala upi, na masomo gani kwake ni ya lazima, na yapi ni ya khiyari?

Sasa tutazame mlango mmoja. Kijana asemaye kwamba ataka kuwa daktari kwa njia ya kidato cha sita hana budi kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia mpaka kidato hicho. Hili wengi wanalijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba hata stashahada ya uuguzi, na ile ya utabibu, hudai kufaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia katika kidato cha nne. Basi binti aliyeiacha Fizikia kwa sababu ilimchosha, huku akisema kwamba yeye hataki udaktari bali uuguzi tu, ameufunga mlango wa uuguzi kwa mkono wake mwenyewe, wala hakuna aliyemwambia.

Vivyo hivyo kidato cha tano. Huko mwanafunzi hasomi kila kitu. Husoma masomo matatu yaliyofungwa pamoja, nayo huitwa tahasusi. Mwaka 2024 tahasusi hizo ziliongezwa zikafika 65, na miongoni mwake zimo za lugha, za biashara, za sanaa, za michezo na za elimu ya dini. Ili mtu aingie katika tahasusi yataka awe na ufaulu mzuri katika masomo ya tahasusi ile yenyewe, yaani alama ya A, B au C. Aliyepata A katika somo lililo nje ya tahasusi yake haimsaidii A hiyo kuziba pengo la ndani. Tena si kila shule ina kila tahasusi; kwa hiyo haitoshi kusikia kwamba jambo lipo, ni lazima kuuliza lipo wapi.

Neno kuhusu somo la dini

Hapa nataka nisikilizwe vizuri, maana asemaye ni mwalimu wa madrasa, wala haiwezekani nidhaniwe kuwa naidharau dini.

Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo la mtihani kama masomo mengine, na kijana aliyelelewa madrasa huliona jepesi. Ni jambo jema alichukue, alisome kwa bidii, na alifaulu. Lakini wazazi wengi hawajui ya kwamba vyuo vya kati, katika kupokea wanafunzi wa stashahada, huandika sharti la kufaulu masomo manne yasiyokuwa ya dini. Tuseme kijana amefaulu Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa A, akafaulu Kiswahili, Historia na Uraia, na mengine yote ameanguka. Nyumbani watahesabu masomo manne na kumshukuru Mungu. Chuoni watahesabu matatu, na kijana atarudishwa kwa upungufu wa somo moja tu. Lau angeongeza juhudi katika Jiografia au Baiolojia akapata hata D, angeingia.

Basi somo la dini lisiwe mto wa kulalia. Lisomwe kwa ajili ya akhera na kwa ajili ya akili. Na pembeni yake yawekwe masomo mengine yaliyo imara. Kadhalika Kiarabu: hicho ni lugha, na aliyekifunza katika Qurani anao mwanzo ambao wenzake hawana. Ajiulize kama shule yake inacho na inaye mwalimu wake, kabla ya kuiacha neema hiyo ipotee bure.

Je, elimu hizi ni za nani?

Wapo bado wanaosema kwamba masomo ya sayansi na hesabu ni ya wengine, na kwamba Mwislamu yamtosha dini yake. Neno hili halina mizizi katika dini yenyewe.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa kwamba utabibu na hesabu ni katika fardhi za kutosheleza: wakiwapo wenye kuzisimamia, wengine huvuliwa dhima, wasipokuwapo, mji mzima huingia katika dhambi. Tena aliwalaumu watu wa zama zake, jinsi miji ilivyokosa tabibu Mwislamu ilhali wanafunzi walisongamana katika fani moja ya fiqhi. Al-Khwarizmi, katika karne ya 9 huko Baghdad, alitunga kitabu cha aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mahesabu ya mirathi na wasia. Mwenye kuikimbia Hisabati basi ajue kwamba anaikimbia pia elimu ya faraidhi.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki wazee wetu walikwisha kuliona jambo hili. Kwa michango ya Aga Khan, ya Sultani wa Unguja na ya jamaa wa Bohora, palijengwa Mombasa chuo cha ufundi kwa ajili ya Waislamu, kikapokea wanafunzi mwaka 1951. Na leo chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mwaka 2005 Waislamu wa Tanzania walipata Chuo Kikuu chao Morogoro. Milango imejengwa, wanaotakiwa ni wenye funguo.

Na tuwatazame binti zetu. Mume hutaka mkewe azalishwe na mwanamke, na kutibiwa na mwanamke, na hilo ni la heshima. Lakini mume huyo huyo, bintiye akitaka kuendelea na Kemia, humwambia kwamba masomo hayo ni ya wanaume. Je, hao wakunga na matabibu wa kike watatoka wapi? Watateremka kutoka mbinguni? Mtume (s.a.w.) alikuwa na Rufaida katika zama zake, mwanamke aliyewauguza majeruhi, na hema lake lilikuwa msikitini Madina. Basi asiyetaka mkewe kushikwa na mkono wa mwanamume, na amsomeshe binti yake.

Kila mtu na kipawa chake

Hata hivyo, yasidhaniwe maneno haya kuwa ni amri ya kuwasukuma watoto wote katika sayansi. Hilo nalo ni kosa, na madhara yake ni makubwa sawasawa.

Mtazame Mtume (s.a.w.) jinsi alivyowatumia sahaba zake. Bilali alipewa adhana kwa uzuri wa sauti yake. Khalid alipewa majeshi. Zaid bin Thabit, aliyekuwa kijana mwepesi wa kujifunza, aliamrishwa kujifunza maandishi ya Mayahudi, naye akawa pia mjuzi wa faraidhi. Muadh alitumwa Yemen kufundisha na kuhukumu. Hassan aliitetea dini kwa mashairi. Hakuambiwa Hassan awe Khalid, wala Bilali hakuambiwa awe Zaid. Na dini ilisimama kwa wote.

Basi mzazi amsukumaye mwana katika masomo ya udaktari, naye ni mtu wa lugha au wa hesabu za biashara, humpotezea mwana miaka yake, na huupotezea umma mwalimu hodari au mtunza hesabu mwaminifu. Mwaka 2011 ilifunguliwa nchini Tanzania benki ya kwanza inayoendeshwa yote kwa sharia ya Kiislamu. Watu wa kuzitengeneza kazi za namna hiyo ni wale waliosoma Biashara na Utunzaji wa Hesabu shuleni, na hukumu za riba madrasani. Mmoja bila ya jingine hakufai.

Namna ya kufanya mashauri

Ewe mzazi, mwanao akikaribia kuchagua, fanya mambo haya matano.

Kwanza, kusanya ripoti zake zote tangu kidato cha kwanza, pamoja na matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, uyaweke sahani moja. Usitazame jumla wala nafasi aliyoshika. Tazama kila somo peke yake. Somo linalopanda mwaka hata mwaka lina heri, hata likiwa bado chini. Usiposoma lugha ya ripoti ile, mwite jirani au ndugu akusomee. Hakuna aibu katika kuuliza, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nahl kuwauliza wenye elimu tusipojua.

Pili, muulize mwana mwenyewe, na umsikilize mpaka amalize. Muulize lipi analifanya bila ya kusukumwa, na lipi analichukia na kwa nini. Akisema analichukia somo, chunguza: je, ni somo, au ni mwalimu, au ni woga? Mwalimu huhama na woga huondoka, lakini somo lililoachwa ni vigumu kulirudia.

Tatu, nenda shuleni. Uliza kama mwalimu wa somo hilo yupo, na kama chumba cha maabara kinatumika au kimefungwa. Kuchagua Fizikia mahali pasipo mwalimu wa Fizikia ni kupanda mbegu juu ya jiwe, isipokuwa umepata mahali pengine pa kumfundishia mwanao.

Nne, chukueni kazi mbili au tatu anazozitamani, mwulize kwa kila moja yadaiwa masomo gani, katika kidato cha nne na katika cha sita. Kisha chagueni masomo yanayoacha milango zaidi ya mmoja wazi. Wala asirundikiwe masomo mengi kwa fahari. Machache yaliyoshikwa vizuri ni bora kuliko mengi yaliyoguswa tu.

Tano, baada ya kushauriana, na aswali rakaa mbili za istikhara. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha sahaba zake istikhara katika mambo yote, kama alivyowafundisha sura za Qurani. Lakini istikhara huja pamoja na uchunguzi, wala haiwi badala yake.

Na kwa yule aliyekwisha kuchagua vibaya, asikate tamaa, maana kukata tamaa si katika sifa za Mwislamu. Mtihani waweza kurudiwa kwa njia ya mtahiniwa wa kujitegemea, na somo lililokosekana likatafutwa. Vipo pia vyuo vya ufundi stadi vya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, vinavyofundisha umeme, ushonaji, uchomeleaji, ufundi magari na mengineyo. Nabii Daudi (a.s.) alikuwa mfalme na alikula kwa kazi ya mkono wake, basi nani leo atamdharau fundi?

Nanyi vijana, jueni kwamba wazazi wenu wengi hawakuyapata mliyoyapata. Wakikosea katika kuwashauri, huwa wamekosea kwa mapenzi. Waelezeni kwa adabu, waleteeni karatasi zenu, wasomeeni, wala msiwafiche alama zenu. Kijana amfichaye babake ripoti ni kama mgonjwa amfichaye tabibu jeraha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi busara na subira, na awafanye vijana wetu kuwa nuru ya nyumba zao na nguzo za umma wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.