Ushauri elekezi: kazi ya kudumu au daraja?

Mwaka jana, tukiwa Mbalizi tunasubiri Coaster ya kwenda Vwawa, nilimuuliza kaka aliyetuchukua kukusanya takwimu za wakulima wa kahawa: "Kaka, hii kazi utaifanya mpaka lini?" Akacheka. "Mdogo wangu, kila mkataba nasema ndio wa mwisho. Huu ni mwaka wa tisa."

Wanachuo wenzangu, wengi tunaipenda konsaltansi kwa sababu tunaona gari la mradi na posho. Hesabu zake hatuzioni. Hebu tuzipige.

Chukua mkataba wa milioni 6 kwa siku 20. Mteja anakata kodi ya zuio 5%, yaani laki 3. Usafiri, malazi na vijana wa kujaza dodoso, tuseme milioni 2. Inabaki milioni 3.7. Ukilipwa baada ya miezi mitatu bila kazi nyingine katikati, hiyo ni kama milioni 1.2 kwa mwezi, na TRA bado wanasubiri ritani yako ya mwaka. Siyo mbaya, ila siyo ile milioni 6 uliyowatangazia washkaji.

Pili, uzee. Mwajiriwa wa sekta binafsi huchangiwa NSSF 20% ya mshahara, na mwajiri hubeba angalau nusu. Pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayejitegemea asipojiandikisha na kuchangia mwenyewe, miaka tisa inapita patupu. Na lile bumu tunalokula ni deni: mwajiriwa anakatwa 15% ya mshahara, wewe utajipeleka Bodi ya Mikopo mwenyewe.

Tatu, kazi inatoka wapi? Huku Nyanda za Juu Kusini, nyingi hutoka kwenye miradi ya wafadhili ya kilimo na afya. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Mikataba iliyokwisha kusainiwa ilikufa, hata ya watu hodari.

Basi tuikimbie? Hapana. Ndani ya miaka miwili utaijua halmashauri, AMCOS na kampuni binafsi kwa ndani kuliko mtu aliyekaa ofisi moja. Ila kila mwaka jiulize: Mkataba wa mwisho umenifundisha kitu, au nimebadilisha tu jina la wilaya kwenye ripoti ya zamani? Wateja wananitafuta mimi, au kampuni inayonituma? Nina akiba ya miezi sita? Nimesajiliwa kwenye taaluma yangu, mhandisi ERB, mhasibu NBAA? Majibu mengi yakiwa mazuri, baki. Yakiwa mabaya miaka miwili mfululizo, anza kutafuta mlango.

Kuna swali moja sikulipata darasani. Siku ile, mzee mmoja alimtazama kaka yetu, akasema: "Wewe si ulikuja mwaka juzi? Tulikueleza shida ya maji ya kuoshea kahawa. Iliishia wapi?" Kaka alinyamaza. Jioni akatuambia hela haijawahi kumchosha. Kinachomchosha ni kuondoka kabla ya kuona matokeo.

Mimi nimejipangia miaka mitatu. Baada ya hapo, nikikutana na mzee kama yule nataka niwe na jibu. Nisipokuwa nalo, nitatafuta kazi ya kukaa.